Mtambo wa Utafutaji Hutafuta Wapi, na Hupanga Vipi?

Kuna kauli mbili zinazosikika karibu kila panapozuka ubishi siku hizi. Ya kwanza ni "nimetafuta sikuona kitu", kwa maana kwamba jambo lenyewe halipo. Ya pili ni "ndilo lililotokea la kwanza", kwa maana kwamba jambo lenyewe ni la kweli. Tangu programu za mazungumzo za akili unde zienee, imeongezeka ya tatu: "nimeiuliza, imenijibu". Kauli zote tatu zinatokana na picha moja potofu, ile ya mjuzi aliyekaa nyuma ya kisanduku cha kuandikia cha mtambo wa utafutaji kama Google, au cha programu hizo, akisubiri kuulizwa ili atoe elimu yake. Makala hii inakusudia kuiondoa picha hiyo na kuweka mahali pake kazi halisi inayofanyika, kwa kuwa kazi hiyo si ya siri wala si ngumu kuielewa, na anayeielewa huyasoma matokeo kwa jicho jingine kabisa.

Tuanze na istilahi chache. Hati ni kitu chochote kinachoweza kutafutwa: ukurasa wa tovuti, barua pepe, makala ya gazeti, hukumu ya mahakama, hata maelezo mafupi yaliyo chini ya picha. Mkusanyo ni jumla ya hati ambazo mfumo fulani unazihudumia. Ulizo ni maneno anayoyaandika au kuyatamka mtafutaji, na haja ni lile jambo hasa analotaka kulijua. Ulizo na haja si kitu kimoja. Mtu anayeandika "maumivu ya kifua" huenda anataka kujua kama aende hospitali usiku huo huo au asubiri asubuhi, lakini hilo hakuliandika. Hati inayomsaidia mtu kukidhi haja yake tutasema inafaa, na sifa hiyo tutaiita ufaafu. Umbali uliopo kati ya ulizo na haja ndio unaoifanya kazi hii iwe taaluma kamili, na jina la taaluma hiyo kwa Kiingereza, "information retrieval", lilibuniwa na Mmarekani Calvin Mooers mnamo mwaka 1950, muda mrefu kabla ya kuwapo kwa tovuti.

Ni vyema pia kutenganisha utafutaji wa aina hii na ule wa hifadhidata. Ukiuliza salio la akaunti yako, jibu ni tarakimu moja; ama ni sahihi, ama si sahihi. Ukiuliza namna ya kumtuliza mtoto mwenye homa, hakuna tarakimu ya kukupa. Kuna maandishi maelfu, mengine yanafaa, mengine yanafaa kidogo, mengine hayafai kabisa, na mfumo hauna budi kukisia lipi liwe juu. Neno "kukisia" nimelichagua kwa makusudi. Orodha ya matokeo ni makisio yaliyopangwa, na ubora wa mfumo ni ubora wa makisio yake.

Sasa, mfumo unatafuta wapi? Wengi wanadhani kwamba unapobonyeza kitufe cha kutafuta, mtambo hukimbia kuizunguka intaneti nzima na kurudi na ulichokitaka. Hivyo sivyo. Hata kompyuta yenye nguvu ingechukua muda mrefu mno kuzifungua kurasa zote na kuzisoma moja baada ya nyingine kila mtu anapouliza. Kazi hiyo ya kuzuru hufanywa mapema na programu ambazo wahusika huziita buibui: zinafungua ukurasa, zinachukua nakala ya maandishi yake, zinafuata viungo vilivyomo hadi ukurasa mwingine, na kuendelea hivyo usiku na mchana. Wewe unapouliza, kinachopekuliwa ni orodha iliyokwisha kutengenezwa kutokana na ziara hizo. Ukurasa ambao buibui hawajaufikia haumo. Ukurasa uliofichwa nyuma ya nywila, kwa kawaida, haumo. Ukurasa uliorekebishwa leo asubuhi unaweza kuonekana katika matokeo kwa sura yake ya juzi. Na mwenye tovuti anaweza kuwaomba buibui wasipite sehemu fulani, kwa faili dogo la maelekezo lililoanza kutumika mwaka 1994. Hilo ni ombi tu, si kufuli, kwa hiyo kuaminika kwake kunategemea uungwana wa buibui.

Orodha hiyo iliyotengenezwa mapema inaitwa faharasa, na kwa kuwa ndiyo moyo wa mambo yote, inafaa tuijenge moja kwa mikono yetu. Chukua mkusanyo wa hati tatu tu. Hati ya 1 inasema: "Mtoto mwenye homa anahitaji maji ya kunywa." Hati ya 2 inasema: "Maji ya moto huua vijidudu." Hati ya 3 inasema: "Homa ya mtoto ikizidi, mpeleke kwa daktari." Badala ya kuorodhesha hati na maneno yaliyomo, tunageuza mambo na kuorodhesha maneno pamoja na hati yanamopatikana. Kwenye neno "homa" tunaandika 1 na 3. Kwenye "maji", 1 na 2. Kwenye "mtoto", 1 na 3. Kwenye "daktari", 3 peke yake. Kwenye "ya", zote tatu.

Mtu akiuliza "homa maji", hatusomi tena hati yoyote. Tunachukua orodha ya "homa", ambayo ni 1 na 3, na orodha ya "maji", ambayo ni 1 na 2, kisha tunaangalia ni namba gani iliyomo katika zote mbili. Ni hati ya 1. Tukiandika pia nafasi ya kila neno, yaani kwamba katika hati ya 3 "homa" ni neno la kwanza, "ya" la pili na "mtoto" la tatu, tunaweza kujibu hata anayetaka maneno "homa ya mtoto" yafuatane kama yalivyo. Faharasa ya mitambo mikubwa imegawanywa katika kompyuta nyingi na imebanwa kwa ustadi mkubwa, lakini kimsingi ni hiyo hiyo tuliyoijenga hivi punde. Wala wazo lenyewe si la zama za kompyuta. Katika karne ya 13 watawa wa Kidominiko mjini Paris, chini ya Hugh wa Saint-Cher, waliandaa orodha ya maneno ya Biblia ya Kilatini na mahali kila neno linapopatikana, ili mhubiri asilazimike kupekua kitabu kizima akitafuta aya moja.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wenye Kiswahili, na naomba nikae nalo kidogo. Mtu akiuliza "watoto wenye homa", faharasa yetu haina neno "watoto", ina "mtoto". Kwa kompyuta isiyofundishwa, hayo ni maneno mawili yasiyo na undugu wowote. Kwa lugha ya Kiingereza, ambapo neno hubadilika zaidi mwishoni, Martin Porter alichapisha mwaka 1980 kanuni za kukata miisho ya maneno ili yabaki mashina, nazo zilienea sana. Kwetu neno hubadilika mbele, nyuma na hata katikati: anahitaji, wanahitaji, tulichohitaji, wanaohitajiwa. Kukata miisho pekee hakutoshi. Na kukata viambishi vya mbele bila kuijua lugha kuna hatari zake: ondoa "ki" katika "kitabu" ubaki na "tabu", na hapo anayetafuta vitabu ataletewa shida za watu. Zaidi ya hayo, "anahitaji" na "hahitaji" vikikatwa vinabaki shina moja, ilhali kimoja ni kinyume cha kingine, na mgonjwa anayesoma haraka anaweza kuletewa ushauri uliokusudiwa mtu wa hali tofauti kabisa. Mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine na kupachikwa juu ya Kiswahili huwa dhaifu hapa hasa, na mtafutaji huishia kujilaumu kwamba hajui kuuliza.

Tukishapata hati zenye maneno ya ulizo, linabaki suala la mpangilio. Hati elfu kumi zikiwa na neno lililoulizwa, ipi itangulie? Miaka ya 1950, Hans Peter Luhn, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba idadi ya mara neno linapojirudia ndani ya hati ni dalili ya hati hiyo inahusu nini. Dalili hiyo ni nzuri, lakini peke yake inapotosha, kwa sababu maneno yanayojirudia kuliko yote ni "ya", "na", "wa" na "kwa". Mwaka 1972 mtafiti wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alitoa marekebisho ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa mawazo mazuri zaidi katika taaluma nzima: neno lipewe uzito kwa kadiri lilivyo adimu katika mkusanyo. Rudi kwenye hati zetu tatu. Neno "ya" limo katika zote, kwa hiyo halitofautishi chochote na uzito wake ni sifuri. Neno "homa" limo katika mbili, lina uzito kiasi. Neno "daktari" limo katika moja tu, na ndilo zito kuliko yote mawili. Ni sawa na kumtafuta mtu katika umati: kusema "ana macho mawili" hakumsaidii anayemtafuta, kusema "amebeba mwavuli mwekundu" kunamaliza kazi.

Kanuni zilizofuata, hususan ile iliyotokana na kazi ya Stephen Robertson na wenzake mjini London katika miaka ya 1990 na inayotumika hadi leo, ziliongeza busara mbili. Kwanza, neno linapotokea mara ya pili linaongeza ushahidi, lakini linapotokea mara ya hamsini halina jipya la kusema. Ndiyo maana kujaza neno moja tena na tena katika ukurasa hakuufikishi juu. Pili, hati ndefu isipendelewe kwa sababu tu ina nafasi kubwa ya kutaja kila kitu.

Katika tovuti palihitajika dalili nyingine zaidi, kwa sababu yeyote anaweza kuandika chochote. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kuhesabu viungo. Mfikirie msomaji asiye na haraka, anayebofya kiungo chochote anachokutana nacho, na mara mojamoja anachoka na kurukia ukurasa mwingine popote. Kurasa atakazojikuta amezifikia mara nyingi ni zile zinazoelekezewa viungo vingi, hasa viungo kutoka kurasa ambazo zenyewe zinaelekezewa vingi. Wao waliliona jambo hilo kuwa alama ya umuhimu, na lilifanya kazi vizuri mno.

Lakini tazama kinachopimwa. Kiungo hakisemi kama aliyekiweka anausifu ukurasa au anaukemea. Kinachopatikana ni kipimo cha kutajwa, na kutajwa si ushahidi wa ukweli. Uvumi uliosambaa unaweza kuwa na viungo vingi kuliko makala ya uangalifu inayoukanusha, na mara nyingi aliyeukanusha naye ameuwekea kiungo. Mitambo ya leo huchanganya dalili nyingi mno, zikiwamo lugha ya mtafutaji, mahali alipo, upya wa ukurasa na yale watu waliyowahi kubofya. Kubofya nako kuna mtego wake: watu hubofya zaidi kilicho juu kwa sababu kiko juu, na mfumo usipokuwa mwangalifu utaihesabu tabia hiyo kuwa ni ushahidi kwamba kilistahili kuwa juu. Kwa hiyo "limetokea la kwanza" kunamaanisha kwamba dalili nyingi zilikusanyika hapo kwa mtu huyu, kwa maneno haya, siku hii. Jirani aliyeuliza maneno yale yale anaweza kupata mpangilio mwingine. Na ikumbukwe kwamba nafasi za matangazo hununuliwa na huwekewa alama. Anayeruka alama hiyo hulichukulia tangazo kuwa tokeo.

Je, ubora wa makisio hupimwaje? Kuna vipimo viwili vikuu, navyo huvutana. Usahihi ni sehemu ya ulivyoletewa ambavyo vinafaa. Ukamilifu ni sehemu ya vinavyofaa ambavyo umeletewa. Tuseme katika mkusanyo wa hati 1,000 kuna 20 zinazofaa, na mfumo ukakuletea 10, ambazo 8 kati yake zinafaa. Usahihi ni asilimia 80, ukamilifu ni asilimia 40. Mtafutaji ataridhika, kwani alichokiona karibu chote ni kizuri, na hatajua kwamba hati 12 zilizofaa zimebaki gizani. Ndivyo ulivyo wavu: wenye matundu makubwa huleta samaki wakubwa watupu na kuwaachia wengi, wenye matundu madogo huleta wote pamoja na majani na takataka. Anayetaka kujua saa ya kufunguliwa kwa ofisi anahitaji usahihi. Jibu moja linamtosha. Wakili anayetafuta kila waraka unaohusu kesi, au daktari anayetaka kila ripoti kuhusu madhara ya dawa, anahitaji ukamilifu.

Vipimo hivi viliimarika kutokana na majaribio yaliyoongozwa na mkutubi Cyril Cleverdon huko Cranfield, Uingereza, katika miaka ya 1960. Mkusanyo maarufu wa majaribio hayo ulikuwa na hati 1,400 za uhandisi wa ndege na maulizo 225, na kwa kila ulizo ilibainishwa mapema hati zipi zinafaa. Matokeo yaliwashangaza wengi: maneno ya kawaida yaliyochukuliwa kutoka katika hati zenyewe yalifanya kazi vizuri kuliko mifumo ya uainishaji iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa na wataalamu.

Hata hivyo, utafiti ambao ningependa kila anayesema "nimetafuta sikuona" aufahamu ni ule wa David Blair na M. E. Maron uliochapishwa mwaka 1985. Mawakili nchini Marekani walikuwa wakitafuta nyaraka za kesi moja katika mkusanyo wa hati zipatazo 40,000, na waliamini kwamba walikuwa wakizipata asilimia 75 ya zilizohitajika. Zilipochunguzwa, ukamilifu wa wastani ulikuwa asilimia 20. Sababu kubwa ilikuwa ni maneno. Kesi ilihusu ajali, lakini walioandika nyaraka hawakuwa na sababu ya kuiita ajali. Waliolaumiwa waliandika juu ya "tukio" au "hali" iliyojitokeza. Wengine walizungumzia kifaa kilichoharibika bila kutaja tukio lolote. Mawakili hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wanatafuta kwa maneno yao ndani ya maandishi ya watu wengine, kama tufanyavyo sote. Na hao walikuwa na mkusanyo wenye mipaka. Katika tovuti, hakuna anayeijua jumla ya kurasa zinazofaa kwa ulizo fulani, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia umeletewa sehemu gani ya vilivyopo. Hata ile idadi kubwa ya matokeo ambayo baadhi ya mitambo huionyesha juu ya orodha ni makadirio.

Tatizo la maneno ndilo lililozaa njia mpya. Katika hati zetu tatu, anayeuliza "mwili wa mwanangu unachemka" hapati kitu, ingawa hati mbili zinamhusu moja kwa moja. Na kinyume chake, neno moja hubeba maana nyingi: "paa" ni la nyumba, ni mnyama, ni kitendo cha ndege kuondoka ardhini. Njia mpya huligeuza neno, au sentensi nzima, kuwa safu ya namba, ambayo unaweza kuifikiria kama anwani katika ramani kubwa. Programu hujifunza anwani hizo kwa kusoma maandishi mengi mno na kuangalia maneno gani hukaa na maneno gani. "Homa" na "joto la mwili" huishia mtaa mmoja kwa sababu majirani zao ni wale wale, na "paa" iliyozungukwa na mabati huwekwa mbali na "paa" iliyozungukwa na nyasi na chui. Kutafuta sasa kunakuwa ni kupima umbali: hati iliyo jirani na ulizo ndiyo inayoletwa, hata kama hazishiriki neno lolote.

Njia hii ina udhaifu wake, nao hauonekani kwa urahisi. Faharasa ya maneno ikikosa kitu, hukwambia imekosa. Ramani ya namba daima ina kilicho karibu zaidi, hata kama hicho kilicho karibu kiko mbali mno. Isipowekewa mpaka, italeta kitu tu. Pia hudhoofika kwa vitu vinavyohitaji kufanana herufi kwa herufi, kama namba ya jalada au jina la dawa, na ndiyo maana mifumo mingi huendesha njia zote mbili kwa pamoja.

Programu za mazungumzo ziko juu ya msingi huu, au wakati mwingine haziko juu yake kabisa. Programu isiyounganishwa na utafutaji hutunga sentensi kwa kufuata mwenendo wa lugha iliyojifunza. Haifungui hati yoyote wakati wa kukujibu. Iliyounganishwa huanza kwa kutafuta, huchukua vipande vichache vilivyoletwa, kisha huandika jibu kwa kuvitegemea, na mara nyingi huweka kiungo cha chanzo. Katika namna hii ya pili, kilichokosekana kwenye utafutaji hakiwezi kuwamo katika vipande, na kama hakimo, programu inaweza kuacha nafasi wazi au kuijaza.

Zirudie hati zetu tatu kwa mara ya mwisho. Mzazi anauliza: "Mtoto ana homa, nimpe dawa kiasi gani?" Utafutaji kwa ukaribu wa maana utaleta hati ya 3, kwa kuwa ndiyo jirani wa karibu, pengine pamoja na hati ya 1. Hakuna hata moja inayotaja dawa, wala kipimo chake. Orodha ya kawaida ingemwonyesha mzazi sentensi zenyewe, naye angeona kwa macho yake kwamba jibu halimo. Programu inayotunga inaweza kumwambia hivyo hivyo, au inaweza kumpa kipimo kwa sentensi iliyonyooka, ikiwa na kiungo cha hati ya 3 pembeni. Akikifungua kiungo hicho atakuta maneno saba: "Homa ya mtoto ikizidi, mpeleke kwa daktari."